Haki ya Kutazamwa

Katika mambo ambayo mtu hutendewa na wenziwe, ni machache yaliyo ya kila siku na yaliyo mazito kama kuchaguliwa na kuachwa. Mtoto huchaguliwa au huachwa uwanjani kabla hajajua kusoma. Kijana huchaguliwa au huachwa shuleni, kazini na katika uchumba. Na mzee huchaguliwa au huachwa barazani pindi shauri linapotafutwa. Kwa kuwa jambo hili ni la kila siku, aghalabu sisi hulifanya bila ya kufikiri. Mimi nililifanya bila ya kufikiri mwaka 2016, nilipokuwa mwalimu mpya aliyetoka chuoni juzi, nikaulizwa swali moja ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Swali hilo nakuletea wewe, msomaji mwema. Lilizaliwa katika mpira wa miguu, nawe usilidharau kwa sababu hiyo.

Kwetu ni Gazi, kijiji kilicho kando ya ghuba, upande wa kusini wa Mombasa. Mtu akishavuka feri ya Likoni na kuipita Ukunda, hukifikia kabla hajafika Msambweni. Wasomaji wa historia hulijua jina la Gazi kwa ajili ya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyekaa hapo katika karne ya 19 akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Watu wa siku hizi hulijua kwa ajili ya mikoko. Sisi wengine tulilijua zaidi kwa jioni za uwanjani, wakati jua limeshuka nyuma ya minazi na mchanga umepoa kiasi cha kuweza kukanyagwa.

Mwaka ule nilikuwa katibu wa timu moja ya vijana. Palikuwa na mashindano ya vijiji, na zawadi ya mshindi ilikuwa fahali. Timu yetu ilicheza michezo mitano na vijana wetu wenyewe, ikafika fainali. Siku tatu kabla ya fainali zilivuma habari kwamba wapinzani wetu wameazima wachezaji kutoka mjini. Kamati ikakutana usiku. Nani aliyeleta shauri kwamba na sisi tuazime? Ni mimi. Nilikuwa na rafiki zangu Mombasa, nilikuwa na simu, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma ambaye hudhani kila tatizo lina ufumbuzi wa haraka. Wakaja vijana wanne, tukawalipa nauli na posho.

Watu kama hao katika michezo yetu huitwa mamluki. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni aliyemilikiwa. Waliitwa hivyo askari watumwa wa Misri, ambao mwishowe waliwageukia mabwana zao wakaitawala nchi wenyewe tangu mwaka 1250 hata 1517. Mara nyingi nimeona ajabu kwamba neno hilo limesafiri njia yote hiyo likaja kutua katika uwanja wa kijiji, na maana yake haikupotea sana: mtu aliyeletwa kutumika akaishia kukalia kiti cha mwenye nyumba.

Tulishinda kwa mabao mawili kwa moja. Fahali alichinjwa, pilau ikapikwa, na wale wanne walirudi kwao kabla ya magharibi, wala sikumbuki kwamba hata mmoja wao alikula nyama ile. Kijana aliyekuwa mlinzi wetu wa kushoto katika michezo yote mitano alikaa kando ya mstari tangu mwanzo hata mwisho, na njumu zake miguuni, amezisafisha na kuzifunga kamba mpya. Siku mbili baadaye nilikwenda pwani kununua samaki, akanijia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, sikuja kugomba. Nataka kuuliza neno moja tu. Ulinipima siku gani ukaniona nimepungua?"

Nikamwambia kwamba tulitaka kushinda.

"Hilo nalijua," akasema. "Nauliza uliniangalia siku gani."

Sikuwa na jibu, kwa sababu siku hiyo haikuwapo. Sikumlinganisha na yule wa Mombasa hata kwa robo saa. Sikusema moyoni, "Huyu ana mbio, yule ana akili, huyu hukaba vizuri, yule hupiga mpira mrefu." Nilisikia jina la mji mkubwa, basi nikaona yamekwisha. Laiti ningalimjaribu pamoja na mwenziwe mbele ya macho ya watu, nikaona kweli amezidiwa, ningalikuwa na maneno ya kumwambia. Yangalimuuma, lakini yangalikuwa maneno. Nilichompa mimi ni kimya, na kimya hicho alikibeba nyumbani kwao.

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuachwa si dhuluma. Timu ina watu 11, na kijiji kina vijana mia. Lazima wengi waachwe, na hakuna awezaye kudai kwamba nafasi ni yake kama shamba alilorithi. Hata kuwa mwenyeji si hati ya nafasi. Ikiwa mgeni ni hodari zaidi na sheria za mashindano zinamruhusu, sioni kwa nini asicheze. Lakini kumwacha mtu bila ya kumtazama ni jambo jingine kabisa. Mtu huyo hakushindwa; amefutwa. Ameambiwa kwamba kazi yake ya michezo mitano haikustahili hata robo saa ya macho yetu.

Pengine utasema, msomaji wangu, kwamba nafanya kubwa jambo dogo. Timu huundwa ishinde, utasema, na mwenye kuhurumia hisia za kila mlinzi wa kushoto hatashinda fahali wala kuku. Neno hilo lina nguvu, wala sitalikimbia. Ngoja nikuonyeshe kwanza desturi moja ya bahari yetu, kisha tutazame viwanja vikubwa kuliko vya Gazi.

Wavuvi wa Pemba wamezoea tangu zamani kuja pwani yetu kwa misimu na kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi. Ni mahodari wa bahari kuu. Huwajia samaki ambao sisi tuliozoea kuvua ndani ya miamba hatuwafikii. Wageni hao hawakuwa wakipokelewa vivi hivi tu. Mzee mmoja wa kwetu aliniambia kwamba alipokuwa kijana, dago likija, wazee walitaka ada, na zaidi ya ada walitaka kila chombo kichukue vijana wawili watatu wa kijiji. Ada ililiwa ikaisha. Vijana wale walirudi wamejua kusoma maji na nyota, na mzee mwenyewe alikuwa mmoja wao. Dago lisilochukua kijana, akaniambia, huondoka na samaki na elimu yake pamoja, na pepo zikigeuka kijiji hubaki na mchanga uleule. Maneno hayo niliyakumbuka mwaka uliofuata, timu yetu ilipotolewa katika mchezo wa kwanza. Mlinzi wa kushoto hatukuwa naye. Alikuwa ameacha kucheza.

Sasa tutoke kijijini. Mwaka 1979 klabu ya Gor Mahia ya Nairobi ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikafungwa na Canon ya Yaoundé mabao mawili kwa nunge nyumbani, na sita kwa nunge ugenini. Aibu hiyo wazee waliisimulia miaka mingi. Mwaka 1987 Gor Mahia ilirudi katika fainali ya kombe lilelile, ambalo wakati huo lilikuwa limepewa jina la Nelson Mandela, naye Mandela mwenyewe angali kifungoni. Ilitoka sare ya mbili kwa mbili na Espérance mjini Tunis, na sare ya moja kwa moja mjini Nairobi, ikatwaa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Nahodha alikuwa Austin Oduor, na mfungaji aliyetajwa kila mahali alikuwa Peter Dawo. Marehemu baba yangu, ambaye hakupata kuiona Nairobi maishani mwake, aliijua fainali hiyo kama mtu aliyekuwa ameketi mstari wa mbele. Aliisikiliza katika redio.

Mwaka huohuo wa 1987 timu ya taifa la Kenya ilifika fainali ya Michezo ya Afrika Nzima iliyofanyika Nairobi, ikashindwa na Misri kwa bao moja tu. Kisha ikafuzu kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mara tatu mfululizo: 1988, 1990 na 1992. Baada ya hapo ilikaa hata mwaka 2004, na tena hata mwaka 2019. Ni wepesi kusema kwamba klabu zikisimama taifa husimama, na kwamba klabu zikijaa watoto wa nyumbani mambo yote hutengenea. Nilikuwa nikisema hivyo mimi mwenyewe darasani, mpaka nilipotazama habari za Italia.

Tarehe 22 Mei, 2010, klabu ya Inter ya Milan ilicheza fainali ya klabu bingwa za Ulaya mjini Madrid dhidi ya Bayern ya München, ikashinda mabao mawili kwa nunge, yote mawili yakifungwa na Diego Milito. Katika wachezaji 11 walioanza siku hiyo walikuwamo Waargentina wanne, Wabrazili watatu, Mromania, Mholanzi, Mkameruni na Mmasedonia. Mwitaliano hakuwamo hata mmoja. Mwezi uliofuata timu ya taifa la Italia, ambayo ndiyo iliyokuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 2006, ilikwenda Afrika ya Kusini ikashika mkia katika kundi lake, nyuma ya Paraguay, Slovakia na New Zealand. Haikupata kuufunga hata mmoja kati ya michezo mitatu kwa ushindi. Haikufuzu kabisa kwa Kombe la Dunia la mwaka 2018, wala la mwaka 2022, ambapo iliyoifungia mlango nyumbani kwake Palermo ilikuwa Masedonia Kaskazini, nchi ya yule Mmasedonia wa Inter.

Ukiishia hapo utadhani umepata sheria: wageni klabuni, msiba katika taifa. Lakini endelea kidogo. Mwaka 2023 Inter ilifika fainali ya Ulaya tena, safari hii ikiwa na Waitaliano kadhaa katika kikosi chake, ikafungwa na Manchester City. Mwaka 2025 ikafika tena, ikafungwa na Paris mabao matano kwa nunge. Bila Waitaliano ilishinda. Pamoja nao ilishindwa. Na katikati ya misiba yote hiyo, mwaka 2021, timu ya taifa la Italia ilitwaa ubingwa wa Ulaya katika uwanja wa Wembley, wakati ambapo tangu mwaka ule wa 2010 hakuna klabu ya Italia iliyokuwa imeshinda kombe lile kubwa la klabu. Basi mwenye kutafuta kanuni nyepesi katika jambo hili atachoka bure.

Lililonivuta mimi katika ushindi ule wa 2021 ni namna timu ilivyotafutwa. Mwalimu wao, Roberto Mancini, aliikuta nyumba imebomoka mwaka 2018. Mnamo Septemba mwaka huo alimwita katika kikosi cha taifa kijana wa miaka 19, Nicolò Zaniolo, ambaye hakuwa amecheza hata mchezo mmoja katika ligi kuu ya nchi yake. Watu walishangaa, alikuwa amemwona katika timu za vijana, akataka kumwona kwa karibu. Na katika kikosi kilichotwaa kombe walikuwamo wachezaji watatu wa Sassuolo, klabu ya mji mdogo ambayo haijapata kuwa bingwa wa Italia: Locatelli, Berardi na Raspadori. Mwalimu mwingine angaliweza kuangalia majina ya miji mikubwa tu, akalala usingizi wake. Nakiri kwamba mwalimu yuleyule ndiye aliyekosa kufuzu mwaka 2022. Kutazama vizuri hakukupi ahadi ya kushinda. Lakini haki haikuahidi ushindi kwa mtu yeyote, na wanaoifuata kwa kutaraji malipo hayo huiacha mara ya kwanza wanapofungwa.

Tena nataka ukumbuke jambo moja la usiku ule wa Madrid. Katika kikosi cha Inter cha msimu ule alikuwamo McDonald Mariga, kijana wa Kenya. Sisi tulifurahi! Hatukuuliza ni Mwitaliano gani aliyekosa nafasi kwa ajili yake. Vilevile tulifurahi mwaka 2012 ndugu yake, Victor Wanyama, alipoifunga Barcelona akiichezea Celtic ya Scotland. Na Watanzania walifurahi mwaka 2015 Mbwana Samatta, aliyetoka Simba ya Dar es Salaam, alipotwaa ubingwa wa klabu za Afrika akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Mtoto wetu akiwa mgeni kwa watu, tunaiita hiyo fahari. Mtoto wa watu akiwa mgeni kwetu, tunaiita hiyo dhuluma. Ama tuyakubali yote mawili, ama tuyakatae yote mawili. Mimi nayakubali, kwa sharti lile la dago.

Watanzania wametupa mfano mzuri wa jambo hili, na mfano huo ulinilazimisha kubadili fikira zangu. Klabu zao kubwa mbili, Simba na Yanga, zimekusanya wachezaji wa nchi nyingi kwa nia ya kushinda Afrika. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Ilifungwa na USM ya Algiers mabao mawili kwa moja mjini Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda moja kwa nunge, na kombe likaenda kwa Waarabu wale kwa kanuni ya bao la ugenini, kanuni iyo hiyo iliyowapa Gor Mahia kombe mwaka 1987. Mabao yote mawili ya Yanga yalifungwa na Wakongo: Fiston Mayele na Djuma Shabani. Mwaka 2025 Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilohilo, ikashindwa na Berkane ya Moroko, mchezo wa pili ukichezwa Zanzibar. Basi je, wageni hao waliua timu ya taifa? Taifa Stars ilikuwa imecheza fainali za Afrika mara moja tu, mjini Lagos mwaka 1980. Ikakaa miaka 39. Kisha ikafuzu kwa mwaka 2019, tena kwa mashindano yaliyochezwa mwanzoni mwa 2024, na tena kwa yale yaliyoanza Desemba 2025. Miaka ambayo klabu zao zilijaa wageni ndiyo miaka ambayo taifa lao liliinuka.

Sisemi kwamba wageni ndio walioinua. Mambo makubwa hayana sababu moja. Lakini ni dhahiri kwamba mshambuliaji wa Kitanzania anayefanya mazoezi kila asubuhi mbele ya mlinzi aliyetoka mbali hupata kitu ambacho hakipatikani kwa kukaa peke yake, maadamu yumo mazoezini kweli, na maadamu anapimwa kila wiki. Akiachwa benchi baada ya kupimwa, anajua anachokosa, na anaweza kukitafuta. Akiachwa benchi kwa sababu jina la mwenziwe ni gumu kutamkwa, hajui afanye nini. Hakuna mazoezi ya kubadili mahali ulipozaliwa.

Nije sasa katika uchaguzi wa timu ya taifa, ambako swali la kijana wangu huwa zito zaidi. Klabu ni mali ya wanachama wake, nao wakitaka kununua wageni ni fedha yao. Timu ya taifa hubeba jina la kila mtu, hata la bibi yangu ambaye hajui mpira una pembe au hauna. Kwa hiyo kila kijana wa nchi anaingia katika hesabu ya mchaguzi, apende asipende. Watu husema mchaguzi achukue walio katika klabu mashuhuri, au walio ng'ambo, kwa kuwa umashuhuri ni ushahidi. Kweli ni ushahidi. Lakini ni ushahidi wa macho ya watu wengine, na mwenye kutegemea macho ya wengine siku zote huona walichokiona wao tu. Aliyeonekana jana huonekana tena leo, na asiyeonekana jana hukaa kizani hata uzee.

Mwezi Agosti 2025 lilitokea jambo la kufikirisha. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ambayo sheria yake hukataza mchezaji yeyote anayecheza nje ya nchi yake. Mchaguzi wa Kenya, Benni McCarthy wa Afrika ya Kusini, hakuwa na hiari: ilimpasa atazame viwanja vya hapa. Kenya iliwekwa katika kundi pamoja na Kongo, Angola, Moroko na Zambia, watu wengi wakaihesabu kuwa imekwisha. Ikaifunga Kongo. Ikaifunga Moroko kwa bao la Ryan Ogam, kijana wa Tusker, na sehemu kubwa ya mchezo ule ilicheza na watu kumi baada ya mmoja kutolewa. Moroko ndiyo iliyotwaa kombe, na katika mashindano yote hakuna mwingine aliyeifunga. Kenya ilitolewa robo fainali na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Kabla mwezi haujaisha Ogam alikuwa amesajiliwa na klabu ya Austria.

Nauliza: vijana wale walizaliwa Agosti 2025? Walikuwapo. Walikuwa wakicheza kila wiki, katika viwanja ambavyo pengine mbuzi walikuwa wengi kuliko watazamaji. Kilichozaliwa ni sheria iliyogeuza shingo za watu. Kuna haja gani ya kungoja sheria itugeuze shingo?

Na hata hao walikuwa karibu na njia kuu. Kutoka Gazi hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Pwani yetu ina klabu yake kubwa, Bandari ya Mombasa, ambayo mwaka 2019 iliwatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan na Ben Guerdane wa Tunisia katika Kombe la Shirikisho kabla ya kusimamishwa na Horoya ya Guinea. Lakini hata Mombasa ni mbali kwa mtoto ambaye nauli ya feri na matatu kwao ni chakula cha siku. Hapo mtu atanijibu kwa haki kabisa: mchaguzi mmoja ana macho mawili na siku saba katika juma, hawezi kumtazama kila mtoto wa kila kijiji. Kweli hawezi. Naye hadaiwi peke yake. Macho ya taifa ni mengi. Ni ya mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, ni ya katibu wa timu ya kijiji, ni ya mwamuzi anayepuliza kipenga kwa soda moja. Mimi nilikuwa jicho mojawapo mwaka 2016, nikajifumba kwa ajili ya fahali.

Na wewe, ndugu msomaji, ni jicho. Jioni ya leo, vitabu vikiisha, mtakwenda uwanjani. Wawili watajitokeza kuwa manahodha, nao watachagua mmoja mmoja, huyu wangu, huyu wako, mpaka abaki yule wa mwisho ambaye hachaguliwi bali hugawiwa. Unamjua jina lake. Pengine ni wewe mwenyewe. Nataka ujiulize ni lini mara ya mwisho nahodha alimwona akicheza hasa, na si kumkumbuka alivyocheza alipokuwa darasa la nne. Watoto hukua usiku. Katika shule yangu alikuwako mvulana aliyekuwa wa mwisho kwa miaka miwili. Siku moja mlinda mlango aliugua, akawekwa yeye golini kwa kukosa mtu, na tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumtoa. Wengine kama yeye hawakupata siku ya mtu kuugua.

Sina budi kumaliza habari ya kijana wangu. Yeye sasa ni mvuvi, ana mke na watoto wawili. Nilikwenda kumwomba radhi miaka mitatu baada ya tendo, nikamkuta anaparua ngalawa yake, akanisikiliza bila ya kuiacha kazi. Akasema, "Yamepita, mwalimu." Sikujua, wala sijui hata leo, kama ni msamaha au ni adabu tu.

Mwaka jana mashindano yalirudi, na zawadi ikawa fahali tena. Simu kutoka Mombasa zikaanza. Kamati iligawanyika, wako wazee waliosema kwamba mwalimu amezidi ulaini, na kwamba mara ya mwisho kijiji kula nyama ya ushindi ilikuwa kwa hao ninaowaita mamluki. Tukapatana hivi: mgeni atakayekuja aje wiki mbili kabla, akae kijijini, afanye mazoezi pamoja na wenyeji, na kila nafasi ishindaniwe mbele ya watu. Wageni wawili walikubali kuja. Wengine walitaka siku ya fainali tu. Mmoja kati ya hao wawili alipata nafasi, wa pili aliipoteza kwa kijana wa Makongeni, akakaa benchi bila kinyongo na kumfundisha mwenziwe kupiga kona. Tulitolewa katika nusu fainali. Wale wazee bado hawajaninyamazia.

Siku ya kwanza ya majaribio nilimwomba yule mvuvi aje akae nami kando ya mstari, kwa kuwa hakuna anayejua ulinzi wa kushoto kuliko yeye. Alikuja na mwanawe mdogo mgongoni. Walikuja vijana 41, wengine bila viatu, na mmoja alikuwa amevaa njumu mbili za rangi mbalimbali. Tuliwagawa katika timu nne. Mvuvi hakusema mengi. Mara mojamoja alininyoshea kidole, "Yule," nami nikaandika. Jua lilipozama tulikuwa tumewaona 30 na kidogo, basi tukawaambia waliobaki warudi kesho alasiri.